Maswali ya Wasomaji: Ubaguzi Usio na Mbaguzi

Katika toleo lililopita niliandika kwamba sosholojia, yaani elimu inayochunguza jinsi watu wanavyoishi pamoja na jinsi mipango ya maisha yao inavyoundwa, haianzi kwa kuuliza nani mwema na nani mbaya, bali huanza kwa kuuliza ni utaratibu gani unaompa mmoja na kumnyima mwingine. Sentensi hiyo moja imeniletea barua nyingi kuliko makala yoyote niliyokwisha kuiandika hapa, na baadhi yake hazikuwa za pongezi. Nimechagua tano, nimezifupisha, na majina nimeyaacha.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nipo mwaka wa kwanza chuoni, Morogoro, nasoma sosholojia. Mjomba wangu anayenilipia ada anasema somo hili ni elimu ya visingizio, na kwamba maskini ni maskini kwa sababu ya uvivu, basi. Yeye mwenyewe alianza na genge la nyanya na leo ana maduka mawili. Nimjibu nini bila kumvunjia heshima?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza, usibishane na anayekulipia ada kabla muhula haujaisha. Pili, mjomba wako anasema kweli kuhusu yeye mwenyewe, wala hakuna haja ya kumpokonya sifa ya jasho lake. Ila swali analolijibu yeye si lile linaloulizwa na somo lako. Yeye anaeleza jinsi mtu mmoja alivyotoka. Sosholojia inauliza kwa nini waliobaki ni wengi kiasi hiki, na kwa nini wanatoka mitaa ile ile.

Chukua mji wa Dar es Salaam. Watu husema Uzunguni, Uhindini na Uswahilini kana kwamba majina hayo yalijiotea kama magugu. Wajerumani, waliouhamishia makao yao makuu hapo kutoka Bagamoyo mwaka 1891, ndio walioanza kuugawa mji kwa kanuni za ujenzi, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza wakauimarisha mgawanyo huo katika kanda tatu: ya kwanza ikawa upande wa baharini penye upepo, ya pili ikawa katikati penye maduka, na ya tatu ikawa Kariakoo na mitaa iliyofuata. Jambo la kutazamwa kwa makini ni namna kanuni hizo zilivyoandikwa. Hazikusema kwamba Mwafrika haruhusiwi kukaa katika kanda ya kwanza. Zilitaja aina za nyumba tu: kanda ya kwanza nyumba za mtindo wa Kizungu, ya pili nyumba za makazi na biashara, ya tatu nyumba za wenyeji. Kwa maandishi, yeyote mwenye uwezo wa kusimamisha nyumba ya mtindo uliotakiwa alikuwa na ruhusa ya kuisimamisha.

Sasa uliza, angeisimamisha kwa fedha gani? Ngazi za mishahara serikalini zilipangwa kwa rangi, Mzungu juu, Mwasia katikati, Mwafrika chini, hata pale kazi zilipofanana. Akitaka kukopa, mwaka 1923 serikali ya Tanganyika ilitunga sheria ya kuzuia ukopeshaji kwa wenyeji, kwa maelezo kwamba inawakinga na madeni. Mfanyabiashara asiye Mwafrika aliyemkopesha Mwafrika bila kibali hakuwa na njia ya kulidai deni lake mahakamani, na kwa hiyo wengi waliacha kukopesha. Shule nazo zilitengwa kwa rangi. Ndipo kanuni ya ujenzi ikakaa juu ya sheria ya mikopo, sheria ya mikopo ikakaa juu ya ngazi ya mishahara, na ngazi ya mishahara ikakaa juu ya shule, hadi ukapatikana mji ambamo ofisa aliweza kukuonyesha karatasi zake zote na kukuapia kwamba hakuna aliyezuiwa. Kati ya Uhindini na Kariakoo ukaachwa uwazi wa Mnazi Mmoja, na sababu iliyotajwa ilikuwa afya.

Huo ndio unaoitwa ubaguzi wa kimfumo. Yule ofisa wa kupitisha ramani huenda alikuwa mtu mpole, anayemsalimia karani wake kila asubuhi na kumuuliza hali ya watoto. Mfumo haukuhitaji ukali wake. Ulihitaji muhuri wake tu.

Baada ya Uhuru mwaka 1961 rangi iliondolewa katika shule na katika ngazi za mishahara, na leo Masaki na Oysterbay wanakaa Waafrika wengi tu. Lakini tembea kutoka huko hadi Tandale au Manzese, ukiangalia chini na siyo juu. Utaona viwanja vilivyopimwa vikigeuka kuwa vichochoro, na mitaro ikigeuka kuwa madimbwi. Mwenye nyumba wa kule ana hati ambayo benki inaipokea kama dhamana. Mwenye nyumba wa huku ana karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa, na mara nyingi benki humrudishia kwa adabu. Watu hawa wawili wanaweza kuwa na bidii sawa na hata kabila moja. Rangi iliondoka, mpangilio ukabaki, na tabaka likarithi kiti cha rangi.

Hoja ya mjomba wako ni kongwe. Mwaka 1896 Mmarekani mweusi W.E.B. Du Bois alihamia katika kata ya saba ya Philadelphia, akapita nyumba hadi nyumba akiwahoji watu weusi waliokuwa wakiambiwa kwamba umaskini wao ni tabia yao. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1899 yalionyesha watu waliofungiwa nje ya kazi za ufundi na za viwandani, wakilipa kodi kubwa kwa vyumba vibovu, huku historia ya utumwa ikiwa bado mgongoni mwao. Hakuficha uhalifu wala ulevi aliouona; aliuweka mahali pake katika mlolongo wa sababu.

Mjomba wako, siku akiwa ametulia, muulize swali moja kwa heshima: genge la kwanza alilipanga mbele ya kibaraza cha nani, na nyanya za kwanza alizichukua kwa fedha taslimu au kwa mali kauli? Nadhani utasikia jina la mtu.

SWALI: Mwalimu, binti yangu alikuwa hashuki nafasi ya tatu hadi anamaliza darasa la saba katika shule yetu ya kayumba, yaani ya msingi ya serikali, hapa Mbeya. Amefika kidato cha kwanza amekuwa wa mwisho. Nimeambiwa hana akili ya sekondari. Hivi akili hupotea njiani?

JIBU: Haipotei, mama. Niliwahi kukaa nyuma ya darasa la kidato cha kwanza, katika shule ambayo sitaitaja, mwalimu wa biolojia akauliza swali kwa Kiingereza kuhusu jinsi mmea unavyojitengenezea chakula. Darasa likanyamaza. Msichana mmoja mbele yangu aliandika kwenye pembe ya daftari, kwa mwandiko mzuri, neno "usanisinuru", akachora jani, mshale wa jua na mshale wa maji, kisha akafunika kwa kiganja. Alilijua jibu zima. Hakunyoosha mkono, na mwalimu aliandika katika kumbukumbu yake kwamba darasa halikuelewa.

Kwa miaka saba mtoto wa shule ya kayumba husoma kila kitu kwa Kiswahili, kisha kati ya Desemba na Januari anatakiwa awe mtu wa Kiingereza. Mwenzake aliyetoka shule ya msingi ya kulipia, ambako Kiingereza kilianza chekechea, huikuta sekondari kama chumba alichokwisha kulala. Wote wawili hufanya mtihani mmoja, siku moja, na usawa huo wa mtihani ndio unaoficha tofauti. Mfaransa Pierre Bourdieu, ambaye mwenyewe alikuwa mtoto wa mfanyakazi wa posta kijijini kusini-magharibi mwa Ufaransa, aliupa urithi wa namna hii jina la mtaji wa kiutamaduni: lugha, matamshi, vitabu vya nyumbani, na ule ujasiri wa kumuuliza mwalimu swali bila kutetemeka. Mtoto huupata nyumbani bila kuutolea jasho, kisha shule humtunuku kana kwamba ni kipaji chake. Asiyeupata huambiwa hana akili, na jambo baya zaidi ni kwamba huamini. Mwanasosholojia wa Marekani Robert Merton aliandika mwaka 1948 kuhusu unabii unaojitimiza wenyewe, yaani neno la uongo linalogeuka kuwa kweli kwa sababu watu wametenda kama kwamba ni kweli. Mwalimu akishasadiki kwamba mtoto ni mzito, humwita mara chache, humsahihishia haraka haraka, na mwisho wa mwaka mtoto anakuwa mzito kweli.

Mwaka 2016 ada iliondolewa hadi kidato cha nne, na hilo si jambo dogo, nalisema kama mtu aliyerudishwa nyumbani kwa ada mara mbili. Lakini ada ni kizuizi unachokiona kwa macho. Lugha haina risiti.

Kwa binti yako, mwache akueleze somo kwa Kiswahili kila jioni, hata kama wewe hukulisoma. Akiweza kulieleza, akili ipo, na kilichobaki ni kazi ya maneno. Na yule aliyekwambia hana akili ya sekondari, muulize kwa upole kama mtoto alipimwa akili au alipimwa Kiingereza.

SWALI: Asalaam aleikum Mwalimu. Nakuandikia kutoka Garissa. Kila nikifika Nairobi naambiwa sisi watu wa kaskazini hatupendi shule wala maendeleo, tunapenda ngamia. Sosholojia ina jibu?

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Ina jibu, na limo katika nyaraka za serikali. Wakati wa ukoloni eneo lenu lilikuwa wilaya iliyofungwa, mtu hakuingia wala kutoka bila kibali. Hali ya hatari ikatangazwa mwishoni mwa mwaka 1963, ikadumu kaskazini mashariki hadi mwaka 1991. Na katikati yake, mwaka 1965, ikatoka ile Sessional Paper namba 10, yaani waraka wa sera wa serikali ya Kenya, iliyosema waziwazi kwamba fedha za maendeleo zielekezwe pale ambapo zitazalisha zaidi, penye ardhi nzuri, mvua, reli na barabara, kisha faida isambazwe kwingine. Waliokuwa na reli walikuwa wameipata kwa mkoloni. Kwa hesabu hiyo, kukosa barabara kukawa ndiyo sababu ya kutopewa barabara.

Vilevile kijana wa kaunti yako, kwa miaka mingi, alipotaka kitambulisho alipitishwa mbele ya kamati ya uchunguzi aeleze babu yake alizikwa wapi, wakati mwenzake wa Nyeri alipeleka cheti cha kuzaliwa akaondoka. Bila kitambulisho huna laini ya simu kwa jina lako, huna akaunti ya benki, huna kazi ya mwajiri anayefuata sheria. Hapo ndipo tunapoona jinsi ubaguzi unavyozaa ukosefu wa usawa, na ukosefu huo ukageuzwa tena kuwa ushahidi wa tabia ya watu. Katiba ya mwaka 2010 ilikiri kosa hilo, na ibara ya 204 ikaanzisha mfuko wa usawazishaji, nusu asilimia ya mapato ya taifa kila mwaka kwa miaka 20, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma. Fedha zenyewe zilichelewa sana kuanza kutoka, kama unavyojua kuliko mimi. Anayekutania kuhusu ngamia, mwambie ngamia hakuandika waraka wa mwaka 1965.

SWALI: Mimi ni mfanyabiashara, Mwanza. Naajiri kwa sifa tu, sijali kabila wala dini. Lakini karibu wafanyakazi wangu wote wametoka upande mmoja na mimi, na mke wangu ananicheka. Najidanganya?

JIBU: Ndugu mfanyabiashara, naamini unachosema juu ya moyo wako. Sosholojia haikagui mioyo, hukagua vitabu vya mishahara. Nafasi ikitokea dukani kwako, unaitangaza wapi? Nina hakika humwambia mhasibu wako, naye humwambia shemeji yake, na jioni kijana ameshafika na suruali iliyopigwa pasi. Hakuna aliyebaguliwa mbele yako, kwa kuwa waliobaguliwa hawakupata habari kwamba kuna kazi.

Na hata watu wanaposema ukweli wao wote, maneno na matendo huachana. Mwanasosholojia wa Marekani Devah Pager aliwatuma vijana katika jozi, weupe wawili na weusi wawili, wakaombe kazi kwa waajiri 350 wa Milwaukee, wakiwa na wasifu unaofanana. Katika kila jozi mmoja alidai kwamba amewahi kufungwa. Matokeo aliyoyatoa mwaka 2003 bado yananishtua kila nikiyafundisha: kijana mweupe mwenye rekodi ya jela aliitwa tena kwa asilimia 17, na kijana mweusi asiye na doa lolote aliitwa kwa asilimia 14. Baadaye waajiri hao walipohojiwa kwa simu, walieleza utayari ule ule wa kumwajiri mfungwa wa zamani, awe mweusi au mweupe. Sidhani walikuwa wakidanganya.

Jaribio la kwako ni rahisi. Bandika tangazo lijalo stendi, sokoni, msikitini na kanisani, na barua zikifika mpe mtu mwingine afute majina kabla hujazisoma. Mkeo atakusaidia kwa furaha.

SWALI: Mwalimu, naandika kwa aibu kidogo. Tuna dada wa kazi hapa nyumbani Dar, tunampenda, ni kama mwanetu. Juzi mgeni aliniuliza kwa nini kikombe chake na sahani yake vinakaa peke yake chini ya sinki. Sikuwa na jibu. Hakuna aliyewahi kuamuru hivyo. Je, sisi ni wabaguzi?

JIBU: Dada yangu, kikombe hicho nakifahamu. Ni cha plastiki, au cha bati lililobanduka ukingoni, na rangi yake haifanani na seti yoyote ya kabatini. Nimekiona katika nyumba za watu wacha Mungu na za wasomi, na miaka ya nyuma kilikuwepo katika nyumba yangu. Unasema hakuna aliyeamuru, nami nakuamini. Mlikikuta kwa mama zenu, kikahamia kwenu bila kujadiliwa.

Tuanze na neno "dada". Lugha yetu humpa kila mtu nafasi katika ukoo, na hilo ni jema, ila hapa linafanya kazi mbili. Linamkaribisha, na papo hapo linaufuta mkataba, maana ndugu hadai saa za ziada wala siku ya mapumziko. Kisha angalia heshima inavyotembea. Kwetu heshima hufuata umri, na mtoto wa miaka saba hawezi kumtuma mtu mzima. Jikoni kwako, mtoto wa miaka saba humwambia mtu wa miaka 20 "dada, leta maji", naye huleta. Mahali hapo umri umeshindwa na mshahara. Agizo la mishahara la mwaka 2013 lenyewe liliweka kima cha chini cha shilingi 80,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani asiyelala kwa mwajiri, na shilingi 40,000 kwa anayelala hapo. Viwango vimepanda tangu wakati huo, lakini wazo liko pale pale, kwamba ugali na godoro ni sehemu ya malipo, ingawa anayelala hapo ndiye anayeamshwa saa kumi usiku mtoto akilia.

Kwa hiyo jibu langu si "ndiyo" wala "hapana". Ninyi si watu wabaya, na kikombe hicho ni cha kibaguzi. Mambo hayo mawili hukaa pamoja katika nyumba nyingi, na sosholojia ilizaliwa ili tuweze kuyasema kwa pumzi moja bila mtu kuondoka mezani kwa hasira.

Kukihamishia kikombe kabatini ni kazi ya dakika moja. Fanya leo, lakini usiishie hapo: mpe mkataba wa maandishi, mtajie siku yake ya kupumzika, na watoto wafundishe kumuomba badala ya kumtuma. Kisha nina ombi kwako. Baada ya wiki mbili, pita jikoni asubuhi anapokunywa chai, bila kumsemesha, utazame amechagua kikombe kipi. Huenda kikawa kile kile cha plastiki, amekitafuta nyuma ya vingine vyote. Ukiniandikia tena, nijulishe.